Krimu Usoni, Maradhi Figoni

Kati ya Julai 2021 na Septemba 2023, madaktari wa figo katika hospitali moja mjini Kottakkal, jimbo la Kerala kusini mwa India, waliwahesabu wagonjwa 22 wa maradhi yaleyale: vichujio vya figo vimeharibika na protini inavuja kwenye mkojo. Mwenye maradhi haya huona mkojo wake ukitoa povu, kisha miguu na uso huvimba. Wagonjwa 15 kati yao walikuwa na aina ya ugonjwa huo ambayo ni nadra. Walipohojiwa, 13 walikiri kwamba walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi. Wengi walipata nafuu walipoziacha.

Krimu inapakwa shavuni, inafikaje figoni? Rangi ya ngozi hutokana na melanini, na melanini haitengenezeki bila kimeng'enya kiitwacho tairosinezi. Zebaki iliyomo katika krimu kama hizo hukizuia kimeng'enya hicho, na baada ya wiki kadhaa uso huanza kutakata. Mpakaji hujitazama kwenye kioo akafurahi. Zebaki nayo haikai usoni: hupenya ngozi, huingia kwenye damu na kurundikana figoni. Wakati huohuo ngozi imepungukiwa na kinga yake, kwa kuwa melanini ndiyo mwavuli wa seli dhidi ya mionzi ya jua.

Kerala haiko peke yake. Mwaka 2019 serikali ya Pakistan ilitangaza kwamba kati ya krimu 59 zilizopimwa, 56 zilizidi kiwango cha zebaki kinachoruhusiwa.

Wanunuzi wanasukumwa na nini? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ndoa. Fungua gazeti la Jumapili la India kwenye ukurasa wa wachumba. Pamoja na tabaka, elimu na urefu, utakuta rangi: binti ni mweupe, au ni wa "rangi ya ngano", kama sisi tunavyosema maji ya kunde. Neno "mweusi" ni nadra kuliona. Na kwa kuwa kule mahari hutoka upande wa mke, familia ya binti mweusi huweza kudaiwa zaidi.

Wengi humlaumu Mwingereza, na kweli utawala wake uliutukuza weupe. Ila mizizi imekwenda chini zaidi: kibarua alishinda juani, mwenye shamba alikaa kivulini, rangi ikageuka kipimo cha hadhi. Ajabu ni kwamba jina la Krishna, mungu anayeabudiwa na mamilioni ya Wahindu, maana yake ni mweusi.

Biashara ikadaka kiu hiyo. Fair & Lovely iliingia sokoni India mwaka 1975. Kiungo chake maarufu ni vitamini B3, si zebaki. Kosa lake lilikuwa katika matangazo, ambamo msichana mweusi hakupata kazi wala mchumba mpaka apake. Mwaka 2005 wanaume nao wakaletewa Fair and Handsome. Kelele za dunia kuhusu ubaguzi zilipopanda mwaka 2020, Fair & Lovely ikabatizwa Glow & Lovely, na mtandao wa ndoa wa Shaadi.com ukaondoa kichujio cha rangi ya ngozi. Jina limebadilika, lakini mama mkwe bado anauliza rangi ya binti.

Sisi wenye neno "mkorogo" katika lugha yetu hatuna haki ya kuwacheka. Kabla hujanunua, soma kopo. Ukiona "mercury", "calomel" au "Hg", liache dukani. Likikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu au fedha, liache vilevile, kwa sababu zebaki ndiyo inayoharibu madini hayo. Lisilo na orodha ya viungo usilishike kabisa. Na kama tayari unapaka, kisha miguu ikaanza kuvimba, nenda hospitali na kopo lako mkononi.