Kisiwa kipi kinamfaa msafiri wa peke yake?

BIASHARA ya hoteli za pwani imejengwa kwa kuwafikiria watu wawili wawili: maharusi, wenza na familia. Chumba huwekwa kitanda kikubwa, boti ya matembezi hupangwa kwa kundi, na bei hutangazwa kwa kila kichwa ikiwa chumba kitalaliwa na wawili. Anayefika peke yake, akiwa na siku tatu tu kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao, mara nyingi huambiwa aongeze fedha.

Hata hivyo, mteja huyu yupo. Kuna aliyeteremka Mlima Kilimanjaro, kuna aliyetoka mbugani Serengeti, na kuna mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake Dar es Salaam na anataka kupumua kidogo kabla ya kurejea kazini. Kila mmoja anatafuta kisiwa cha kupumzikia. Uamuzi wake una maana kwake, na una maana pia kwa mvuvi, mkulima na mama lishe wa huko anakokwenda.

Unguja kwa mwenye siku chache

Kwa mwenye siku mbili au tatu, Unguja haina mpinzani. Ndege kutoka Dar es Salaam hutumia kama dakika 20 na boti za mwendo kasi takriban saa mbili. Akikosa usafiri mmoja, upo mwingine.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, unamfaa sana mtu asiye na mwenzake. Huhitaji gari, vichochoro vyake hutembelewa kwa miguu. Jioni, bustani ya Forodhani huwa na wauza mishikaki, pweza na miwa, na mtu hula amezungukwa na watu bila kuulizwa mwenzake yuko wapi. Kero ni papasi, wale vijana wanaomwandama mgeni wakitaka kumpeleka hotelini au matembezini. Dawa yake ni kuwa na nafasi ya kulala iliyokwisha kupangwa, na kukodi mwongoza watalii mwenye kitambulisho.

Nje ya mji, jambo la kwanza kuuliza ni maji. Nungwi na Kendwa, kaskazini ya kisiwa, bahari haiendi mbali yanapokupwa, hivyo mtu huogelea karibu saa zote. Lakini huko ndiko kwenye ngoma na makundi. Pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, maji hukupwa mbali sana, hasa wakati wa bamvua. Anayetaka kuogelea asubuhi na jioni anaweza kukuta mchanga mtupu.

Mchanga huo, hata hivyo, ni shamba. Maji yakishatoka, akina mama huingia kupanda na kuvuna mwani, kilimo kilichoshika mizizi Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Paje wapo akina mama wanaotengeneza sabuni za mwani na kuwaonyesha wageni kazi yao. Kwa msafiri wa peke yake hiyo ni asubuhi nzima yenye mazungumzo, na kwa mwenye shamba ni kipato kingine mbali na kuuza mwani mkavu kwa kilo.

Mafia na Pemba kwa anayetaka kimya

Mafia ni kisiwa cha mtu asiyehitaji burudani za usiku. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa huko mwaka 1995 ndiyo ya kwanza nchini, na shughuli kubwa ya wageni ni kuzamia kuangalia matumbawe. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana madhara kwa binadamu. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutumia karibu nusu saa. Njia nafuu ni ya majini kutoka Nyamisati. Anayelala Utende akumbuke kwamba ndani ya hifadhi hutozwa ada ya kila siku.

Pemba ina vilima vya mikarafuu, msitu wa Ngezi na kisiwa kidogo cha Misali. Hoteli ni chache na wageni ni wachache, hivyo utulivu ni mwingi. Lakini kwenda na kurudi hula muda. Mwenye usiku mbili tu asijaribu. Mwenye juma zima hatajuta.

Hesabu ya mtu mmoja

Chukua mfano wa chumba cha dola 60. Wakilala wawili, kila mmoja amelipa 30. Akilala mmoja, amelipa zote. Boti ya matembezi ni vivyo hivyo: mafuta ni yale yale, awe amepanda mmoja au wanane. Kwa hiyo msafiri aulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, kuna bei ya chumba cha mtu mmoja, na je, anaweza kuunganishwa na wageni wengine kwenye boti?

Aidha, mgeni asiye raia akumbuke bima ya lazima ya kuingia Zanzibar iliyoanza Oktoba 1, 2024 kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima.

Msimu nao una bei yake. Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, bei hushuka na baadhi ya hoteli hufungwa. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya mitaani haifunguliwi mchana, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Ni heshima kwa wenyeji, na humpunguzia usumbufu mwanamke anayetembea peke yake.

Usafiri wa majini hautaki mzaha. Meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Anayesafiri peke yake hana wa kumtafuta mapema, hivyo amwachie mtu jina la chombo na saa ya kuondoka, na akikuta kimefurika asubiri kingine.

Kwa mwenye nyumba ya wageni

Wenye nyumba ndogo za wageni vijijini wanaweza kumpata mteja huyu bila mtaji mkubwa. Anahitaji chumba safi chenye kitasa imara na bei ya mtu mmoja, meza ya chakula anayoketi pamoja na wengine, na mtu wa kumwambia saa za maji kujaa na kupwa. Asipokuwa amefungwa na chakula cha hoteli kilicholipiwa huko kwao, atakula samaki wa mvuvi wa jirani, muhogo wa nazi na ndizi za shambani. Chumba kilicholala tupu hakimnunulii mkulima yeyote chochote.