Jina la Kamera

Shela la bibi arusi lilikuwa jeupe siku ya harusi, na kanisa zima ni shahidi. Walakini katika kioo cha kompyuta ya mpiga picha mmoja wa Kadutu, mtaa ule unaopanda mlima wa Bukavu kwa nyumba zilizobebana, shela hilo lilikuwa limeingiwa na zambarau, na zambarau yenyewe haikuenea sawasawa, bali ilijificha katika mikunjo, chini ya kidevu cha bibi arusi, na zaidi ya yote katika suti ya mumewe, ambayo haikubakiwa na weusi hata kidogo. Niliingia studio ile kutaka picha ndogo za kubandika kwenye karatasi za serikali, na haja hiyo ilinitoka kichwani papo hapo.

Mwenye studio, ambaye wanagenzi wake humwita Papa na mimi nikamwita mzee, ni mtu wa kazi hii tangu zama za filamu na chumba cha giza. Kamera yake ya zamani ilipomfia mikononi alinunua mpya, na kwa kuwa yeye si mtu wa kuridhika na JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuiamulia rangi zake na kuibana, aliipiga harusi nzima kwa picha mbichi: hesabu za nuru kama kitambuzi kilivyozipokea, ambazo katika kamera ya biti 14 huwa na daraja 16,384, ilhali JPEG ina 256 tu kwa kila rangi. Wasaa huo ndio unaomwezesha kuuokoa uso mweusi uliosimama kando ya gauni jeupe katika jua la adhuhuri, na katika mji wa harusi za Jumamosi hayo si mapambo, ni riziki.

“Ile foto iko pale,” aliniambia. “Naiona na macho. Ukifungua folda, inakuonyesha bibi arusi anacheka. Nikiiingiza ndani ya programu, inasema faili hii haijulikani. Sasa nimwambie nini mama wa bibi arusi? Kwamba mtoto wake hajulikani?”

Kicheko kile kilichoonekana katika folda ni JPEG ndogo ambayo kamera huificha ndani ya kila faili mbichi, kwa ajili ya kutazama tu. Programu aliyoizoea mzee, ambayo aliinunua mara moja miaka mingi iliyopita, ina orodha ya kamera inazozijua, na orodha ile ilifungwa kabla kamera yake mpya haijazaliwa. Programu za namna hiyo siku hizi aghalabu hukodishwa kwa mwezi, kwa kadi ya benki; na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na milango ya benki ikafungwa, msomaji wa Bukavu hana haja ya kuelezwa zaidi.

Ndipo mwanagenzi mmoja akaleta katika flashi programu nyingine, ya bure, ambayo haikuikataa faili. Iliifungua, ikatoa zambarau.

Nilidhani ni ila ya kamera. Mzee alikaa kitako akanifafanulia, na maelezo yake yakaniteka kuliko harusi yenyewe. Kitambuzi cha kamera hakianzi kuhesabu kwenye sifuri. Giza totoro huandikwa katika faili kwa namba iliyo juu ya sifuri, huenda ikawa 512, ili mitikisiko midogo ya umeme isikatwe ikiangukia chini. Na ni wajibu wa programu kuijua namba hiyo na kuitoa kwanza, kabla ya kutenda jambo jingine lolote. Baadaye huja kazi ya kusawazisha weupe: maadamu kitambuzi hupokea kijani kwa wepesi kuliko nyekundu na buluu, programu huzidisha hizo mbili mpaka zilingane nayo. Sasa, programu isiyoijua kamera haikutoa ile namba ya giza. Ikaizidisha pamoja na nuru. Mahali penye jua ziada hiyo haikuonekana, kwa kuwa nuru ilikuwa nyingi, lakini kivulini, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ziada yenyewe, nyekundu na buluu zilipanda juu ya kijani, na rangi hizo mbili zikikutana bila kijani huzaa zambarau. Suti ya bwana arusi ilikuwa nyeusi kuliko vyote harusini, kwa hiyo ndiyo iliyodhurika kuliko vyote.

Alilolifanya baadaye alinieleza kwa sauti ya chini kidogo. Kamera yake, alisema, ni mdogo wa kamera nyingine iliyotangulia, ya nasaba moja na yenye kitambuzi kinachokaribiana na chake, na ile ya kwanza imo katika orodha ya programu yake kongwe. Alichukua nakala za faili, na kwa ExifTool, chombo cha bure alichoanza kukiunda Phil Harvey mwaka 2003, akalifuta jina la kamera lililoandikwa ndani ya faili akaandika la ndugu yake mkubwa. Hakugusa nukta hata moja ya picha. Programu iliyokuwa ikiikataa faili ile, kama askari wa mpakani kwenye daraja la Ruzizi anavyomrudisha msafiri ambaye kosa lake liko katika karatasi na si katika mzigo, ilifungua mlango, na shela likawa jeupe.

Nyuso, hata hivyo, zilikuja nyekundu kuliko haki yake, kwa kuwa jedwali la rangi lililotumika ni la kamera nyingine. Hizo alizirekebisha kwa mkono, moja baada ya moja. “Mimi nilikuwa pale,” alisema. “Niliiona ngozi ya yule mtoto. Programu haikuwa pale.”

Hila hiyo haifai kila mahali. Canon ilipoleta faili za CR3 pamoja na EOS M50 mwaka 2018, halikubadilika jina tu bali umbo zima la faili, na kubadili jina hapo hakuleti kitu. Iko njia ya halali, nayo ni kugeuza faili kuwa DNG, muundo uliotolewa na Adobe mwaka 2004 ambao maelezo yake yako wazi kwa wote, na kigeuzi chake ni cha bure. Lakini kukipakua hula mega nyingi, na mega hapa hununuliwa. Waundaji wa kamera, isipokuwa wachache kama Leica na Pentax, wameshikilia miundo yao ya siri, na kama si Mmarekani Dave Coffin, aliyeanza mwaka 1997 kuzifumbua faili hizo moja moja na kuwagawia watu bure programu yake, dcraw, programu nyingi za bure tulizo nazo zisingekuwa na pa kuanzia. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2018. Wengine wameichukua kazi ile, akina LibRaw, lakini kila kamera mpya huja na kusubiri kwake, na sioni kwa nini mtu aliyekwisha kulipia chombo asubiri ruhusa ya kusoma alichokipiga mwenyewe.

Faili za asili mzee amezihifadhi katika diski ya peke yake, na mwanagenzi haruhusiwi kuigusa. Nilimuuliza kama zile nakala si uongo. Hakujibu upesi. Harusini, alisema, hakuna anayeuliza. Lakini yeye hupiga pia mikutano, na nyumba zilizobomoka, na mambo ambayo huenda siku moja yakaulizwa na hakimu. Waandaaji wa shindano la World Press Photo wenyewe huwataka wapiga picha waliofika hatua za mwisho watoe faili mbichi, ili ithibitike kuwa hapana kilichoongezwa wala kupunguzwa.

“Wakiniomba ushahidi, ndugu yangu, niwape ipi?” aliniuliza. “Ile yenye jina la kweli, mashini yao ikiifungua itawaonyesha zambarau. Hii inayoonyesha mambo yalivyokuwa, jina lake nimeliandika mimi.”