Nyumba iliyojaa vitu: tumsaidie mzee wetu bila kumwaibisha

Katika makanisa yetu ya Mambasa tunazijua nyumba za namna hii. Mzee anaishi peke yake. Bidoni zilizotoboka, magunia, makartoni na nguo kuukuu vimejaa mpaka mlangoni. Haogi, hapiki, hamfungulii mtu. Majirani wanaanza kunong'ona: ni mchawi.

Tuseme wazi: huo si uchawi. Kukusanya vitu na kushindwa kabisa kuviachilia kunaweza kuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (OMS) limeuweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kuacha kujitunza nako kunaweza kutoka katika ugonjwa wa kusahau, huzuni ya kufiwa, macho kufifia ama upweke.

Tena tukumbuke tulikopita. Mwisho wa mwaka 2002 askari wa MLC na RCD-N walipora Mambasa katika operesheni iliyoitwa « Effacer le tableau », yaani kufuta ubao. Tangu hapo wengi wamekimbia tena na tena. Aliyerudi akakuta nyumba tupu anaweza kuona hata bidoni mbovu kuwa akiba.

Tufanye nini?

Kwanza, tusingoje atoke ili tuchome vitu vyake. Tutakuwa tumempora mara ya pili. Hatatuamini tena, na ataanza kukusanya upya.

Pili, tuanze na hatari: njia ya kufikia mlango, vitu vilivyo karibu na moto, chakula kilichooza. Vingine vingoje. Yule anayemwamini atangulie, naye aulize: “Baba, hiki tukiweke wapi?”

Tatu, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Muganga apime macho, sukari na usahaulifu wake.

Nne, tugawane zamu. Wamama walete chakula, vijana wachote maji na kutengeneza paa. Lakini jamaa wasijitoe: Paulo anamwandikia Timoteo (1 Timoteo 5:4) kwamba watoto na wajukuu waanze kuwatunza watu wa nyumba yao.

Na neno “mchawi” likitajwa, mchungaji alikatae mbele ya wote. Katika nchi yetu wazee wamefukuzwa, hata kuuawa, kwa sababu ya neno hilo.

Juma hili tumtembelee mmoja. Tukae, tuombe naye, turudi tena, kabla ya kugusa hata bidoni moja.