Spea Hakuna, na Chupa ya Dawa Imekwisha Muda

Nyanyua kapeti la buti la Toyota Aqua, Nissan Note au Mazda Demio, magari madogo yanayoshushwa kila wiki Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani. Mahali ulipozoea kuona spea tairi na jeki ubavuni mwake, mara nyingi utakuta sponji ngumu nyeusi yenye vishimo. Kishimo kimoja kina kompresa ndogo yenye waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kingine kina chupa ya dawa ya kuziba pancha, maelezo yote kwa Kijapani. Wapo wanaokuta vishimo vitupu. Na wapo wengi wasionyanyua kapeti hilo mpaka siku wanapoegesha pembeni ya barabara, upepo umekwisha, jua linazama.

Viwanda vilikuwa na sababu zake. Gurudumu la akiba ni uzito ambao gari hubeba kila siku bila kuutumia. Ukiondolewa, mafuta yanayotumika yanapungua, buti linapanuka, na gharama ya kutengeneza gari inashuka kidogo. Magari ya haibridi nayo yana betri za kutafutiwa mahali pa kukaa. Japani hilo halimsumbui mtu sana. Lami ni nzuri, miji imekaribiana, na dereva akikwama anapiga simu JAF, shirikisho la wenye magari ambalo limekuwa likiokoa waliokwama njiani tangu miaka ya 1960. Gari limetengenezwa kwa mtu huyo. Sisi tunalinunua likiwa limetumika, tunajaza mizigo na watoto, tunaelekea Tunduma.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Dawa ile ina umri wake. Kwa kawaida chupa hudumu miaka minne au mitano tangu ilipojazwa, na tarehe yake imeandikwa kwenye lebo, mwaka ukitangulia mwezi. Kenya huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8. Tanzania huingiza hata kuukuu zaidi, ila kwa ushuru mkubwa. Kwa hiyo chupa iliyokuja na gari la miaka 7, kama haikuwahi kubadilishwa, ilikwisha muda hata kabla gari halijapanda meli. Dawa ya zamani huganda au hutengana, na ikiingia ndani ya tairi haizibi kitu.

Hata ikiwa mpya, ina mipaka. Toyota, kwa mfano, huitaja kuwa ni ya tundu lisilozidi kama milimita 4, na liwe kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Hiyo ni kazi ya msumari au skrubu. Ubavu ukichanika, dawa haina msaada wowote. Na barabarani kwetu ubavu ndio unaoonewa: umelipisha basi, gurudumu la kushoto limeshuka kwenye ukingo wa lami uliolika, ukilirudisha juu kwa nguvu linakatwa na ukingo uleule. Au umeingia shimo usiku ukiwa na mwendo. Kwa tairi la namna hiyo unahitaji gurudumu jingine, basi.

Tuseme basi ni msumari. Jambo la kwanza ni kutouchomoa. Msumari ukibaki mahali pake huziba tundu kwa kiasi fulani; ukiuchomoa, upepo wote unatoka mbele ya macho yako. Tikisa chupa vizuri, fuata michoro iliyo kwenye kifaa (michoro haina Kijapani wala Kiswahili), washa injini, jaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Kisha uondoke mara moja, kilomita tano hivi, ili dawa izunguke ndani ya tairi, usizidi 80 kwa saa. Simama upime. Mwongozo wa Toyota unasema ukikuta upepo umeshuka chini ya 130 kPa, yaani kama 19 kwa kipimo cha psi wanachotumia mafundi wetu, tairi hilo halizibiki kwa dawa na usiendelee. Ukikuta umekaa, nenda kwa fundi wa karibu. Dawa imekusaidia kufika kwake tu, haijatibu.

Ukifika, mwambie kuwa umetia dawa. Ni jambo dogo ambalo wengi hulinyamazia, na fundi akibandua tairi maji meupe kama maziwa yanamrukia mikononi na kifuani. Itabidi alioshe ndani na kulikausha kabla kiraka hakijashika. Kama gari lina vihisi vya upepo ndani ya magurudumu, navyo vioshwe, maana dawa huganda juu yake.

Fundi pancha mwenyewe ndiye huduma ya dharura tuliyo nayo, na tunamdharau mno. Tairi bovu limesimamishwa chini ya mwembe, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe; pembeni kuna kompresa inayonguruma na karai la maji meusi. Analizungusha tairi majini taratibu mpaka mapovu yatokee, anaweka alama, anapanua tundu kwa chuma chenye meno, anasukumia kamba ya mpira yenye gundi, anakata kilichobaki kwa wembe. Kazi imekwisha kabla hujamaliza soda. Kamba hiyo inafaa kwa safari uliyo nayo. Kwa tairi unalotaka kuendelea nalo, kiraka cha ndani ni bora, na ubavu usikubali akuzibie kwa chochote, hata akiapa.

Shida ni kumfikishia gurudumu. Ukiwa na spea unafungua, unabadilisha, unaondoka. Bila spea, njia ya Kiafrika Mashariki ni bodaboda: gurudumu linafunguliwa, linapandishwa pikipiki, linaenda kuzibwa kijiji cha mbele na kurudi, gari likisubiri juu ya jeki na mawe. Sasa angalia tena ndani ya ile sponji. Gari lililokuja bila spea mara nyingi limekuja bila jeki na bila wili spana pia. Bodaboda yupo, fundi yupo, nawe huwezi kulegeza hata nati moja. Kwa maoni yangu upungufu huu ni mkubwa kuliko wa spea yenyewe, na ni rahisi kuumaliza: jeki, spana na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki ardhi ikiwa laini.

Mahali pa kusimama napo panahitaji uamuzi. Kutembelea tairi lisilo na upepo kunaliua, hata kwa umbali mfupi. Lakini kama uko kwenye kona za mlima Kitonga, au ndani ya Mikumi ambako barabara kuu hukatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi na wanyama wakivuka, acha tairi life. Jivute polepole mpaka mahali ambapo lori linalotoka nyuma litakuona. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma mbali na gari, abiria washuke wakae mbali na lami. Wenye malori hutandika matawi ya miti barabarani, na yanasaidia. Ustaarabu ni kuyaondoa unapoondoka, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Anayesafiri mikoani anunue spea, hata iliyotumika, Shauri Moyo pale Ilala au Kirinyaga Road, Nairobi. Aende na gari. Idadi ya nati, nafasi baina yake na tundu la katikati la rimu lazima vilingane na gari lake, na rimu ivalishwe palepale aone inakaa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa liache hata kama kashata zake ni nzima. Ukipata lile jembamba la dharura, kumbuka linajazwa upepo mwingi kuliko la kawaida, 420 kPa, na halizidi kilomita 80 kwa saa.

Na ukiwa hapo umevalisha rimu, angalia kama kuna nati moja kwenye kila gurudumu isiyofanana na wenzake. Hiyo ni ya kuzuia wezi, na ina ufunguo wake maalumu. Utafute leo ndani ya gari. Usipouona, mwambie fundi akubadilishie nati hizo kabla hujasafiri.