Ramani ya udongo kwenye simu: Usisome namba moja ukaenda dukani

Tuseme wewe na marafiki wawili mmekodi ekari moja kule Bongwe, mwendo mfupi kutoka Ukunda. Mnataka kupanda mahindi ya mvua za masika, na mfuko wenu si mzito. Mmoja anatoa simu, anafungua ramani ya udongo kwenye intaneti na kubonyeza pale shamba lilipo. Jibu linakuja: pH 5.8. Kiwango hicho mahindi yanakivumilia vizuri, kwa hivyo mnaamua hakuna haja ya kununua chokaa. Yameisha?

Bado. Pamoja na ile 5.8 kuna namba nyingine mbili ambazo wengi huziruka, tuseme 5.0 na 6.6. Hizo ndizo za kuangalia kabla hamjatoa hata shilingi.

Kwanza elewa ramani hizi zinatoka wapi. SoilGrids, kwa mfano, hutayarishwa na ISRIC, taasisi iliyoko Wageningen, Uholanzi. Toleo lake lililoelezwa mwaka 2021 lilitumia vipimo vya udongo kutoka sehemu takriban 240,000 duniani kote. Ni vingi kuvikusanya, lakini kwa ukubwa wa dunia ni vichache mno. Kwingine kote kompyuta inakisia. Inatazama picha za setilaiti, mvua, joto na mwinuko wa ardhi, kisha inatafuta: mahali panapofanana na hapa, udongo ulikuwaje? Ni kama kukisia kodi ya chumba Diani kwa kujua kodi za Ukunda, Tiwi na Msambweni. Unaweza kukaribia, unaweza pia kukosea vibaya.

Ndiyo maana waliotengeneza ramani huweka namba ya chini na ya juu. Hesabu zao zikiwa sawa, katika kila sehemu kumi, tisa udongo wake utakuwa kati ya namba hizo mbili, na moja itatoka nje. Pengo likiwa dogo, ramani inajiamini. Likiwa kubwa, ujue hapo inabahatisha.

Wala usidanganywe na picha kali. Mraba mmoja wa SoilGrids una upande wa mita 250, yaani zaidi ya ekari 15 zinapewa jibu moja. iSDAsoil, ramani ya Afrika, ina miraba ya mita 30, hivyo ekari yenu inapata kama minne. Miraba imekuwa midogo, lakini makisio ni makisio. Hata hiyo huonyesha kiwango chake cha shaka, kiangalie.

Pwani ya kusini nayo ina vituko vyake. Toka ufuo wa Diani ukielekea vilima vya Shimba: unaanza na mchanga mweupe na mawe ya matumbawe, ukisonga bara unakuta mchanga mwekundu, yote ndani ya kilomita chache. Matumbawe ni chokaa, kwa hivyo udongo ulio juu yake huwa na pH ya juu. Mchanga ulionyeshewa kwa miaka mingi huelekea kwenye asidi. Na setilaiti haijui palipomwagwa majivu ya jikoni miaka kumi, wala palipokuwa zizi la mbuzi. Hayo atakwambia mzee wa hapo, ukimpa shikamoo na kumuuliza.

Sasa ufanye nini? Jiulize swali moja: namba ya chini na ya juu zinanipeleka kwenye uamuzi uleule?

Chukua kiasi cha mchanga. Ramani ikisema asilimia 70, kati ya 60 na 85, pande zote mbili zinakwambia kitu kimoja: maji yatapita haraka. Weka samadi, tandaza nyasi, na mbolea itie kidogo kidogo badala ya yote siku moja. Hapo ramani imetosha.

pH ni stori nyingine. Ikiwa 5.0, mahindi yatateseka na chokaa inahitajika. Ikiwa 6.6, chokaa ni pesa ya kutupa. Tofauti hiyo si ndogo, maana pH ikishuka kwa moja, asidi imeongezeka mara kumi. Namba zikigombana hivi, pesa ya kwanza iende maabara.

Kuchukua sampuli si kazi ngumu. Chimba sehemu 15 hadi 20 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukiepuka vichuguu na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa kama nusu kilo, kausha kivulini. Shamba likiwa na udongo mwekundu huku na mweupe kule, tengeneza sampuli mbili. KALRO hupima udongo katika maabara zake za Kabete, na afisa wa kilimo wa kaunti anaweza kukuelekeza palipo karibu. Mkiwa watatu, gharama mnachanga.

Na programu yoyote ikikupa namba moja tu bila kukuonyesha shaka yake, ichukulie kama tetesi: sikiliza, lakini usinunulie mbolea.