Picha ya Bibi na Safari Yake ya Kwenda Kuoshwa

Arubaini ya bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilipokaribia, tuligundua jambo la kutia haya. Watoto tisa, wajukuu wasiohesabika, karibu kila mmoja na simu yake mkononi, na nyumba nzima haikuwa na picha yake ya karatasi ya miaka ya uzeeni. Zote zilikuwa ndani ya simu, na baadhi ya simu hizo zilikwisha kuharibika au kuibwa. Tuliyoipenda sote ilipigwa asubuhi ya Idi: Bibi amekaa barazani na mtandio mweupe, akicheka jambo lililosemwa na mtu asiyeonekana pichani. Aliyekuwa nayo ni binamu yetu aliyeko Maskati.

Binamu aliituma kwa WhatsApp. Dada yetu akaipakia kwenye tovuti ya kampuni moja ya kuosha picha (twasema bado kuosha, ingawa siku hizi si lazima pawe na maji wala dawa), akalipa kwa M-Pesa, akaagiza nakala kumi na mbili ndogo na moja kubwa ya sentimita 30 kwa 40. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za kutundikwa ukutani, na hatutaingia humo leo. Hii kubwa ilikuwa ya chumbani kwa shangazi, naye alikwisha kuuliza kwa shekhe wake.

Siku ya sita bahasha ilifika kwa basi. Shangazi akaifungua, akaitazama ile kubwa, akauliza, “Huyu ni nani?”

Hatukuwa na jibu. Mikunjo ya uso ilikuwa imefutwa. Rangi ilikuwa imeng’arishwa hata Bibi akawa mweupe kuliko alivyopata kuwa maishani mwake. Jicho lake la kushoto, ambalo lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia, na ambalo watatu kati yetu tumelirithi, lilikuwa limelinganishwa na mwenzake. Shangazi aliilaza kifudifudi mezani, akaenda jikoni.

Tuliwaandikia wenye kampuni. Wakajibu kwa adabu kwamba picha tuliyopeleka ilikuwa dhaifu. Hilo lilikuwa kweli, nasi tumejifunza kwa gharama. WhatsApp, isipoagizwa vinginevyo, hupunguza picha hadi nukta zipatazo 1,600 kwa upande wake mrefu. Kwa picha ndogo ya kutia albamuni zatosha. Lakini ukizitandaza nukta hizo kwenye sentimita 40, kila inchi hupata kama mia moja tu, na kazi nzuri hutaka 300.

Wasilolisema ni kwamba kwenye fomu yao palikuwa na kisanduku cha “kuboresha picha”, nacho kilikuwa kimetiwa alama kabla dada hajakigusa. Programu za namna hii zinapokuta uso hafifu hukisia kilichopungua, kwa mazoea ziliyoyapata katika nyuso nyingi za watu wengine. Kwa bidhaa ya dukani huenda si neno. Kwa uso wa marehemu ni jambo zito, na mteja ndiye astahiliye kuulizwa kwanza.

Safari ya pili binamu aliituma picha ileile kama waraka, si kama picha, ikafika kama ilivyotoka kwenye simu yake. Dada alikiondoa kisanduku. Akatazama pia mipaka ya ukataji, kwa kuwa picha ya simu kwa kawaida ina uwiano wa 4 kwa 3 na karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3 kwa 2; lazima kitu kikatwe, na mashine haijui kofia ya babu ni nini. Tulilipa mara ya pili, bila kupunguziwa hata senti. Jicho dogo lilirudi dogo.

Haya ya ubora yana dawa. Lililotukosesha usingizi ni la jirani yetu mmoja. Bintiye aliolewa mwaka jana, na picha za siku ya kutolewa nje, zilizopigwa na mpiga picha wa kike ndani ya ukumbi wa wanawake ambao hata simu zilikusanywa mlangoni, zilipelekwa kwa kampuni ya mtandaoni zitengenezwe albamu. Albamu ilikuja nzuri kweli. Baada ya miezi miwili, rafiki alimwonyesha bi harusi uso wake mwenyewe, nywele wazi, katika tangazo la kampuni hiyo. Katika masharti aliyoyakubali bila kuyasoma palikuwa na ruhusa ya kutumia kazi za wateja kama mifano. Tangazo liliondolewa baada ya siku tisa za kuandikiana. Ni nani walioliona katika siku hizo, hapana ajuaye.

Tusijidanganye kwamba zamani hapakuwa na jicho la mgeni. Lamu ilikuwa na Studio ya Bakor ya marehemu Omar Said Bakor, Mombasa ilikuwa na zake, na wenye studio waliona picha zote walizoziosha. Lakini mwenye studio tulimjua, na akikosea tulijua pa kumpelekea malalamiko: kwa mamake.

Leo pa kwenda ni kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, naye ana haki ya kupinga matumizi yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Jirani yetu alipoitaja sheria hiyo katika barua yake ya tatu, ndipo alipojibiwa na mtu badala ya mashine.

Nyumbani kwetu sasa picha za ukumbi wa wanawake hazitoki. Tumechanga tukanunua printa ndogo ya picha, inakaa kwa dada, na akina mama huja nazo wenyewe na kuzisubiri zikauke wakinywa kahawa. Picha nyingine zote twaendelea kuziagiza mtandaoni, kwa kuwa ni rahisi na wengi wao hufanya kazi safi.

Nakala za Bibi zimekwisha kugawanywa, za Lamu zikavuka kwa boti kutoka Mokowe. Imebaki moja. Binamu wa Maskati amesema tusiitume. Atakuja kuichukua mwenyewe Idi hii.