Kukokotoa na Kuunda Mfumo wa Umemejua wenye Betri kwa Matumizi ya Nyumbani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua hatua za kuunda mfumo wa umemejua wenye betri katika nyumba isiyounganishwa na gridi ya taifa. Mfano uliotumika ni nyumba ya kudhaniwa ya familia moja mjini Dodoma. Mara nyingi mwenye nyumba anayejiundia mfumo huanza kwa kununua paneli, kisha hutafuta betri kwa fedha iliyobaki. Hoja ya makala haya ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa: ukokotoaji huanza na matumizi, hufuata betri, na paneli huja mwisho. Gharama ya kukiuka mpangilio huo huangukia betri, ambayo kwa kawaida ndiyo huchakaa mapema.

2.0 Makadirio ya Matumizi

Matumizi ya kila kifaa hupatikana kwa kuzidisha wati zake kwa saa kinazotumika. Taa 6 za wati 9 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 hutumia 240. Friji ndogo hukadiriwa kutumia 700 kwa siku. Redio na kuchaji simu, 90. Jumla ni wati-saa 1,300. Inveta hupoteza sehemu ya umeme inapogeuza mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu. Kwa ufanisi wa asilimia 85, betri hupaswa kutoa takribani wati-saa 1,530. Aidha, inveta ihimili mshtuko wa friji inapowaka, ambao huzidi mara kadhaa matumizi yake ya kawaida.

3.0 Ukubwa wa Betri

Betri ya asidi na risasi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya ujazo wake, umri wake hufupika. Kwa hiyo, akiba ya siku moja huhitaji wati-saa 3,060, yaani takribani ampea-saa 128 kwa volti 24. Betri ya lithiamu chuma fosfeti huweza kutumiwa hadi asilimia 80, hivyo wati-saa 1,913 hutosha, sawa na ampea-saa 75 kwa volti 25.6.

Volti hizo 25.6 hupatikana kwa kuunganisha seli 8 za volti 3.2 kwa mfuatano. Anayejiundia betri hiyo hana budi kuweka kifaa cha kusimamia seli, kinachokata umeme seli yoyote inapozidi volti 3.65 au kushuka chini ya 2.5. Kutazama volti za betri nzima hakutoshi, kwani jumla huweza kuonekana salama ilhali seli moja inaharibika.

4.0 Ukubwa wa Paneli

Tukikadiria saa 5 za jua kamili kwa siku, na asilimia 70 ya umeme ikifika inakohitajika baada ya kupotea kwa joto, vumbi, waya na uchajishaji, zinahitajika paneli za wati 437. Hata hivyo, kiasi hicho hutosheleza siku ya kawaida tu. Hakiachi ziada ya kujaza betri baada ya siku za mawingu. Betri ya asidi na risasi inayokaa muda mrefu bila kujaa huota fuwele za salfeti kwenye bamba zake, na ujazo wake hupungua. Kwa kuwa Dodoma iko kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, unaowezesha pia mvua kuosha vumbi.

5.0 Usalama

Wati 1,000 huhitaji takribani ampea 83 kwa volti 12, lakini ampea 42 kwa volti 24; joto linalopotea katika waya uleule hupungua hadi robo. Fyuzi iwekwe karibu na ncha chanya ya betri, kwani nyaya zikigusana betri huweza kutoa mamia ya ampea na kusababisha moto. Fyuzi hiyo iwe ya mkondo mnyoofu: cheche za mkondo huo hazizimiki kwa urahisi, kwa kuwa haupiti sifuri kama mkondo geu.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kila kipimo hutegemea kilichotangulia. Kosa katika makadirio ya matumizi huhamia kwenye betri, kisha kwenye paneli na nyaya. Hivyo basi, orodha sahihi ya vifaa na saa zake ndiyo msingi wa mfumo, na ndiyo hatua isiyogharimu chochote.